Hapa Hakuna Watu

Nyamizi hakuwahi kurusha ndege yake ndogo bila kwanza kutazama picha za setilaiti. Zamani alizitazama ili akwepe mawingu na viwanja vyenye matope. Sasa sheria ilikuwa nyingine: ndege haitui mahali ambapo picha inaonyesha hakuna watu. Ndege zote zilitoka kiwandani zikiwa zimewekewa kizuizi hicho.

Asubuhi ile alifungua picha ya Ilolwamba, kijiji cha mama yake, akaona vichaka vitupu. Nyumba hazikuwapo, wala kiwanja. Akapiga simu.

"Mama, uko wapi?"

"Niko nyumbani, mwanangu, nakoroga uji. Ile dawa yangu ya presha ndiyo imekwisha."

Mumewe, Maganga, alichungulia picha ile. "Wakubwa wameshawafuta," alisema. "Usituletee balaa hapa."

Nyamizi alitia dawa mkobani, akaruka bila kumuaga mtu. Juu ya Ilolwamba aliona mabati yaking'aa, na mbele ya nyumba ya mama yake, mwanamke akipunga kanga. Alisukuma usukani kwa nguvu zake zote. Ndege ilikataa kushuka, ikawa inazunguka tu.

"Hapa hakuna watu," sauti ya ndege ilimwambia kwa upole.

Alizunguka akilia mpaka mafuta yakamlazimisha kurudi.

Jioni, wakiwa mezani, simu iliita.

"Leo kuna ndege imezunguka hapa," mama alisema. "Nikadhani ni wewe."

Maganga aliacha kutafuna, akamkazia macho mkewe.

"Sikuwa mimi, mama."

"Haya, mwanangu. Basi hawakuniona."