Uso Ukutani

Truphena alisimama pua yake karibu iguse ukuta, akisikiliza nani anamwacha.

Ndivyo kampuni yao ya mikate pale Umoja ilivyomchagua mwenyekiti. Wagombea wawili hutazama ukuta wa ukumbi, wenye hisa wakajipanga nyuma ya wamtakaye. Mgombea hageuki, asije akamwekea mtu kinyongo. Na neno alitamkalo akiwa ukutani halirudishwi.

Kulia kwake alisimama Nangila, mkurugenzi mdogo kuliko wote. Truphena aliilea kampuni tangu ikiwa tanuri moja nyuma ya nyumba yake. Nangila alikuja juzi tu na shahada yake, na tayari alikuwa akipigiwa makofi. Makofi ambayo zamani yalikuwa ya Truphena.

Hata asubuhi hii alipigiwa. "Kampuni ni kama kiumbe hai," Nangila aliwaambia. "Mazingira yakibadilika, nayo hubadilika, la sivyo hufa. Lakini kiumbe kinachodumu hakitupi kila cha kale. Hubakiza kilicho bora."

Cha kale! Truphena hakusikia zaidi ya hapo.

"Haya, jipangeni!" akatangaza Walter, msimamizi wa uchaguzi.

Viatu vya Nangila viligonga sakafu, vikaelekea nyuma ya Truphena. Yaani hata ukutani hatulii? Anakwenda kuwakumbatia wapiga kura?

Vicheko vikalipuka, kisha makofi.

"Huyu msichana ana hekima," Walter alisema.

"Mathe, leo ni leo!" Shiro wa tanurini akampazia Truphena sauti. "Kiti umekikalia mpaka kimechukua umbo lako!"

Watu wakazidi kucheka. Miguu ikaburuta, mingi, na mabati yakarudisha mwangwi wake kutoka kila upande. Akilini Truphena akamwona Nangila katika kiti kile, akitabasamu. Bora aondoke kuliko kuondolewa.

"Najiondoa!" aliuambia ukuta. "Mchukueni mtoto wenu!"



"Mama," Walter alisema polepole, "neno la ukutani..."

"Nalijua!"

Akageuka. Mahali pa Nangila hapakuwa na mtu. Mlolongo ulikuwa mmoja tu, umeanzia mgongoni mwa Truphena ukapinda hadi nje ya mlango, na wa kwanza kabisa, machozi yakimlengalenga, alikuwa Nangila.