Maji Safi ya Kupimia

Kwa mara ya nne mashine ilisoma madini ya risasi mahali ambapo hapakupaswa kuwa na kitu. Mkemia alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza chembechembe za plastiki zenye vitundu visivyoonekana kwa macho, za kunasa madini yenye sumu majini. Kabla ya kuzipeleka kwenye maji machafu ya viwandani, ilibidi zipitishiwe maji safi kabisa, zioshwe kwa asidi, kisha asidi ipimwe. Hapo risasi ikionekana, basi mtengenezaji ni mchafu. Wenzake hawakumhurumia: tangu atoke likizo ya uzazi, walicheka, akili kaiacha kwenye nepi.

Matoleo matatu yalishatupwa. Mkuu wa maabara alikuwa amesema la nne likiharibika, kazi anapewa mwingine.

Alisugua vyombo mpaka vidole vikachubuka. Alibadilisha glavu, asidi, hata koti. Wapi!

Ila kuna jambo alilificha, na lilimnyima usingizi. Mtambo wa maji safi ulimfia mikononi wiki ileile aliyorudi kazini. Angesemaje, na vicheko vile? Basi kila asubuhi alijaza dumu kwenye bomba la jikoni kwake, akayachemsha maji, akayachuja, akaja nayo kimyakimya. Alijipa moyo kwamba maji yanayomfaa nyumbani hayawezi kushindwa kufaa maabara. Mkemia mzima! Lakini aibu ikikupanda kichwani huoni mbele.

Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika ukutani. Aliingia ofisini kwa mkuu, akaeleza yote, mtambo na dumu na bomba, macho yake yakiwa sakafuni.

"Nimewapotezea miezi mitatu, mzee," alimaliza. "Nifukuze tu. Naona aibu hata kukutazama."

Mkuu, mtu wa kufoka hata kalamu ikianguka, safari hii alivuta karatasi za vipimo, akazisoma upya, toleo la kwanza hadi la nne. Kisha akavua miwani, akasogeza kiti chake karibu naye.

"Chembe zako hazina kosa, mwanangu. Tangu mwanzo zinafanya kazi," alisema polepole. "Mtoto unamkorogea maziwa kwa maji gani?"