Kiti Alichomwombea Mama

Kwa miaka mitatu Alden, Makamu wa Rais wa Marekani, aliongoza Seneti bila kupiga kura, maana sheria humruhusu pale tu kura zinapolingana. Leo zililingana: hamsini wanataka vita, hamsini hawataki. Wazee wazito, wenye mvi, wote wakamgeukia.

Juu, kwenye viti vya wageni, rafiki wa mama yake Alden alimnong'oneza mama huyo, "Wewe, si ulisema kazi yake ni kukaa tu?"

"Nilimwombea kiti kikubwa, shoga. Sikuuliza kina nini." Mama akamwangalia mwanawe kule chini. "Na mdogo wake yuko jeshini."

Alden aliinua nyundo ndogo ya kutangazia uamuzi, akamtazama mama kama zamani alipoomba ruhusa ya kwenda kucheza. Mama akainamisha uso; ruhusa hii haikuwa yake kutoa. Nyundo ilikuwa bado juu.