Sanduku Bubu

Fundi aliapa kwamba mashine ya kuoshea vyombo ni nzima, na hita yake ya kukaushia inawaka vizuri. Lakini kila jioni Mwalimu alirudi kutoka shuleni akakuta sahani zinachuruzika maji.

Siku moja alirudi mapema. Jikoni alimkuta mama yake mzazi ameinamia mashine, jagi mkononi, anazimwagia maji sahani zilizokwisha kukauka, taratibu, kama anayenywesha miche.

"Mama, unafanya nini?"

Mama hakushtuka. "Si unaona?"

"Nimemtukana fundi wa watu bure."

"Na dada wa kazi ulimfukuza bure. Ulisema sanduku hili linatosha. Yule tulikuwa tunaosha naye vyombo huku tunapiga soga, jua linazama hatuna habari. Sasa nashinda na nani? Na hili bubu?"

"Ungeniambia, Mama."

"Nilikuambia. Ulikuwa na simu yako."

Mama alilibwaga jagi kwenye sinki, akamtupia Mwalimu kitambaa kikavu.

Alikidaka, bado amefura kwa hasira, akaanza kufuta sahani ya juu. Mama akavuta kiti, akaketi karibu naye, akaanza kumgombeza upya tangu mwanzo.