Kidole Ziwani

"Onyesha kijiji chenu," mkaguzi alimwambia binti wa darasa la nne.

Binti akaenda kwenye ramani ya Misri, akabandika kidole chake chenye hina katikati ya ziwa, kule kusini kabisa.

"Hapo ni maji, binti. Kwenu mnalala na mamba?"

Darasa zima likacheka. Kidole hakikuondoka. "Bibi anasema ndipo kwetu. Bwawa lilitufukuza. Huku tulikoletwa tulikuja na jina la kijiji tu."

Mkaguzi akamgeukia mwalimu. "Ndiyo maarifa ya jamii unayowafundisha, Bi Nabra? Kitabu kinasemaje?"

Nabra alikuwa nacho kichwani: kabla ya bwawa palikuwa jangwa tupu. Alijua pia kwamba asubuhi ya kuhama, mama yake alipita makaburini akiwamwagia wafu wao maji, kama ilivyo desturi, kana kwamba maji ya bwawa hayakuwa njiani kuja kuwafunika.

Akakishika kile kidole chenye jasho, akakivuta juu hadi kwenye makazi mapya.

"Kwenu ni hapa. Huko hapakuwa na mtu."

Mkaguzi akaandika kitu, akatabasamu.

"Sawa, mwalimu," binti akasema. "Bibi akiuliza, nimwambie kasema nani?"