Sweta ya Chumba cha Kompyuta

Katika mji ule wa joto la kuunguza, Mzee Shemdoe peke yake ndiye aliyekwenda kazini na sweta. Alitunza chumba cha kompyuta kubwa za shirika, na kiyoyozi cha humo hakikuzimwa hata siku moja.

Sasa kompyuta zote zilikuwa kimya. Kumbukumbu zilizohifadhiwa humo zilikuwa zimehamishiwa kwenye mitambo ya kukodi, mbali huko. Programu ndiyo iliyoongoza uhamisho: ilimtumia kila mtu kazi yake kwenye simu, naye akibonyeza “Tayari,” zamu ikahamia kwa mwingine.

Simu ya Shemdoe ikatetemeka. “Zima kiyoyozi.”

“Mzee wangu, umebaki wewe tu,” alisema bosi wake, Bi Kidawa, akiwa mlangoni.

Shemdoe akazima, akabonyeza.

“Na kesho nije saa ngapi, mama?”

“Programu itakwambia yenyewe,” akajibu, akaenda zake.

Simu ikatetemeka tena. “Asante. Huna kazi iliyobaki.”

Joto likaanza kuingia. Shemdoe akapandisha zipu ya sweta mpaka kidevuni, akakaa kitini pake huku jasho likimtiririka, akaikodolea macho simu.