Ndoo Langoni

Kikosi kipya cha kulinda majengo ya serikali kilianza kazi asubuhi ile. Mkangara alipangiwa lango la boma, ambako mtaa mzima ulizoea kuingia kuchota maji. Amri ilikuwa moja: raia asipite.

Wa kwanza kufika na ndoo alikuwa mama mkwe wake. Kwao, mwanamume humpisha mama mkwe njia. Mkangara aliinamisha macho, lakini miguu hakuisogeza.

"Shikamoo, mama. Hapa hapapitiki tena."

"Marahaba, baba. Basi nitangoja."

Akajifunika kanga usoni, kama ilivyompasa mbele ya mkwewe, akaipindua ndoo, akaikalia. Nyuma yake wanawake wengine wakaanza kupindua zao. Mkangara akasikia buti za kamanda zikishuka ngazi.